Waliobaki Penye Mizigo



Maneno haya niliyasema kwanza mimbarani siku ile ya Jumapili ya Vijana. Baada ya ibada wazee wawili walinijia. Mmoja alisema kwamba tangu abatizwe hajapata kusikia mpira wa miguu ukihubiriwa kanisani. Wa pili aliomba maneno hayo yachapwe katika gazeti letu la mtaa, ili na wale waliokuwa wagonjwa wayasome. Yule wa kwanza mpaka leo sijajua kama alikuwa akinisifu au akinionya. Nimemtii wa pili, nami nimeongeza jambo moja ambalo mimbarani sikuthubutu kulisema, kwa kuwa linanihusu mimi mwenyewe.

Somo letu ni Kitabu cha Kwanza cha Samweli, mlango wa 30. Nitalifikia, ila nawaomba mwe na saburi, maana njia yangu inapita kwanza Nottingham.

Chanzo chake ni mabishano niliyoyakuta pale karibu na soko, penye banda la kuonyeshea mpira. Ulikuwa wakati wa usajili huko Ulaya, na vijana wetu (wengine nawajua vizuri, ni waimbaji wa sauti ya tatu na ya nne) walikuwa wakigombana kana kwamba fedha zile zinatoka mifukoni mwao. Mmoja alisema timu yake haitapata kitu mwaka huu isiponunua mshambuliaji wa pauni milioni mia. Mwenzake akamcheka: "Nyinyi mmejaza watu wa benchi tu." Nilisalimia, nikapita. Lakini neno lile la "watu wa benchi" lilinifuata mpaka nyumbani, nikalala nalo.

Nami nilikumbuka timu moja ambayo habari zake tulizisikia redioni nilipokuwa mvulana, Nottingham Forest. Vijana wa leo wanaijua kama timu ya kawaida tu. Sisi tuliijua kama mwujiza.

Mwezi wa Januari mwaka 1975 timu hiyo ilikuwa nafasi ya 13 katika Daraja la Pili la Uingereza. Ikampata kocha aitwaye Brian Clough, ambaye yeye mwenyewe alikuwa ametupwa. Mwaka uliotangulia, 1974, alipewa kuiongoza Leeds United, timu iliyojaa wachezaji wenye majina makubwa, akafukuzwa baada ya siku 44. Mwaka 1976 alijiunga naye rafiki yake wa siku nyingi, Peter Taylor. Mwaka 1977 walipanda Daraja la Kwanza, wakiwa wa tatu, yaani kwa kupenya mlangoni kabla haujafungwa. Mwaka 1978 wakawa mabingwa wa Uingereza. Mwaka 1979 wakawa mabingwa wa Ulaya. Mwaka 1980 wakawa mabingwa wa Ulaya tena. Ubingwa wa nchi yao wameupata mara moja tu, wa Ulaya mara mbili, jambo ambalo mtu akiambiwa bila kuonyeshwa kumbukumbu hawezi kuamini.

Basi ni watu gani waliofanya hayo? Hapo ndipo nataka tukae kidogo.

Alikuwapo winga mmoja, John Robertson. Huyu Clough hakumnunua, alimkuta pale pale. Alikuwa amewekwa katika orodha ya wachezaji wa kuuzwa, mzito wa mwili, mvutaji wa sigara, asiye na mbio, nadhifu kwa nadra. Huyo ndiye aliyepiga krosi iliyozaa bao la pekee katika fainali ya mwaka 1979 mjini Munich, na huyo huyo akafunga bao la pekee katika fainali ya mwaka 1980 mjini Madrid. Vikombe viwili vya Ulaya vilipita katika miguu ya mtu ambaye klabu yake ilikuwa tayari kumtoa.

Alikuwapo Kenny Burns, aliyenunuliwa kutoka Birmingham City kwa pauni 150,000. Alikuwa mshambuliaji mwenye sifa ya ukorofi, na watu walishangaa kwa nini wanamtaka. Wao wakamrudisha nyuma, wakamfanya beki wa kati, na mwaka 1978 waandishi wa habari za mpira wa Uingereza wakamchagua kuwa mchezaji bora wa mwaka.

Alikuwapo John McGovern, kiungo ambaye alikuwa amemfuata Clough kutoka timu hata timu. Kule Leeds mashabiki wa timu yake mwenyewe walimzomea. Huyu ndiye nahodha aliyeinua Kombe la Ulaya mara mbili.

Alikuwapo Frank Clark, beki wa kushoto. Alikuwa ameitumikia Newcastle United miaka zaidi ya kumi, na mwaka 1975, alipofika umri wa miaka 31, wakamwacha aende bila ada. Hakuna aliyelipa hata senti moja kumpata. Miaka minne baadaye alicheza fainali ya Ulaya, na ikawa ndiyo mechi yake ya mwisho kuichezea Forest.

Tena alikuwapo Garry Birtles. Huyu alikuwa fundi wa kutandika mazulia, akicheza mpira siku za mapumziko katika timu ndogo ya Long Eaton United. Forest walimchukua kwa pauni 2,000. Msimu wa 1978 ulipoanza hapakuwa na mtu aliyemtazamia. Mwezi wa Septemba mwaka huo, mechi yao ya kwanza kabisa katika Kombe la Ulaya, walipangiwa Liverpool, waliokuwa mabingwa wa Ulaya mara mbili mfululizo. Forest walishinda 2-0. Bao la kwanza alilifunga Birtles. La pili alilifunga Colin Barrett, naye ni beki.

Nimemweka mwisho yule ninayempenda kuliko wote, ingawa wengi hawamkumbuki katika habari hii. Ni kijana aitwaye Chris Woods, golikipa wa akiba. Mbele yake alisimama Peter Shilton, mmoja wa walinda lango bora waliopata kuonekana, aliyenunuliwa kwa pauni 270,000. Katika ligi Woods hakupata nafasi hata mara moja. Naam, hakuichezea Forest mechi hata moja ya ligi maisha yake yote. Lakini katika Kombe la Ligi msimu ule wa 1977-78 Shilton hakuruhusiwa kucheza, kwa kuwa alikwisha kulichezea na timu yake ya zamani. Basi kijana wa miaka 18 akavaa glavu. Fainali ilikuwa dhidi ya Liverpool. Wembley walitoka 0-0 baada ya dakika 120. Wakarudiana Manchester, Forest wakashinda 1-0 kwa penalti ya Robertson. Dakika 210, Liverpool wote wale, na mpira haukupita.

Jiulizeni, wapendwa, Woods alifanya nini miezi yote kabla ya hapo? Alifanya mazoezi. Aliruka matopeni kila asubuhi akijua kwamba Jumamosi mwingine atasimama golini. Ndiyo kazi ya mtu wa akiba, kuwa tayari kwa saa ambayo pengine haitakuja. Saa yake ilipokuja haikumpigia hodi mara mbili.

Sitaki kuwadanganya kwamba Forest walishinda kwa watu wa bei nafuu peke yao. Shilton nimemtaja. Tena mwezi wa Februari 1979 walimnunua Trevor Francis kwa pauni milioni moja, wa kwanza Uingereza kufikia bei hiyo, na magazeti hayakuandika kingine. Yeye ndiye aliyeifunga Malmö ya Uswidi kwa kichwa katika fainali ya Munich. Basi mtu atasema: Umeona Padre, fedha imeshinda! Ngoja. Kwa sababu alisajiliwa kwa kuchelewa, kanuni hazikumruhusu Francis kucheza mechi za Ulaya zilizotangulia. Fainali ile ndiyo iliyokuwa mechi yake ya kwanza katika kombe hilo. Je, ni nani waliomfikisha Munich? Mtandika mazulia, mzee wa bure kutoka Newcastle, mkorofi wa Birmingham, na yule aliyezomewa Leeds. Mwaka uliofuata, fainali ya Madrid ilipofika, Francis alikuwa ameumia kano ya kisigino, hakucheza. Kikombe kilikuja vile vile.

Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho habari za mwili na viungo, katika mlango wa 12 wa Waraka wa Kwanza. Tunausoma sana siku za sikukuu za umoja na tunautumia kusema kila mtu ana karama yake, kisha tunakunywa chai. Lakini Paulo anasema neno kali kuliko hilo. Anasema viungo vinavyodhaniwa kuwa dhaifu ndivyo vya lazima. Hasemi kwamba navyo vinafaa kidogo, wala kwamba tuvihurumie. Ukiviondoa, mwili hausimami. Ndivyo ninavyoiona ile timu. Francis aliongezwa juu ya mwili uliokwisha kusimama, nao ulisimama kwa mifupa ambayo wengine waliitupa.

Na kinyume chake kilionekana kwa Birtles. Mwaka 1980 Manchester United walimnunua kwa zaidi ya pauni milioni moja. Yule wa pauni 2,000 sasa ni wa milioni! Msimu ule wote hakuwafungia bao hata moja la ligi. Mwaka 1982 akarudi Forest. Miguu ilikuwa ile ile. Bei ndiyo iliyopanda, lakini mtu alikuwa ameng'olewa katika viungo vyake.

Vijana waliponisikia kanisani walisema kwa macho (niliyaona) kwamba hizi ni habari za mababu. Haya, mwaka 2019 si zamani. Liverpool walikuwa wamefungwa 3-0 kule Barcelona. Siku ya marudiano, tarehe 7 Mei, Mohamed Salah na Roberto Firmino walikuwa wameumia, wote wawili. Akapangwa Divock Origi, kijana wa Ubelgiji mwenye asili ya Kenya, mwana wa Mike Okoth aliyeichezea Harambee Stars. Msimu ule alikuwa ameanza mechi chache sana, na mwaka mmoja kabla yake walikuwa wamemwazima kwa timu ya Ujerumani. Alifunga mawili. Mawili mengine akayafunga Georginio Wijnaldum, aliyetoka benchi wakati wa mapumziko. 4-0. Na katika fainali ya Madrid tarehe 1 Juni, Origi akatoka tena benchi akafunga bao la pili dakika ya 87. Kisha msimu uliofuata akarudi benchini kwake, kwa kuwa Salah na Firmino walikuwa wamepona. Sikusikia kwamba alisusa.

Sasa, ni nani aonaye watu wa namna hii? Peter Taylor, msaidizi wa Clough, ndiye aliyekuwa na jicho hilo. Naye alikuwa amelipata wapi? Alipokuwa golikipa wa Middlesbrough, miaka ya 1950, alimkuta pale mshambuliaji kijana ambaye kocha alikuwa akimweka nyuma ya wengine kadhaa. Taylor alimtazama mazoezini akasema huyu ndiye bora kuliko wote. Kijana huyo ni Brian Clough mwenyewe, ambaye alikuja kufunga mabao 251 katika mechi 274 za ligi. Kwa hiyo Clough alijua katika nafsi yake maana ya kuonwa na mtu mmoja wakati wengine wote wanakutazama bila kukuona. Nadhani ndiyo sababu aliweza kuwaona wengine.

Hapa nataka kuweka onyo, kwa sababu nawajua watu wa kanisa, nami ni mmoja wao. Tukisikia habari ya watu wa bei nafuu tunafurahi upesi mno. Sisi tumezoea kazi ya Mungu ifanywe bure, na ikiwezekana na wale wasioweza kukataa. Frank Clark alikuja bila ada ya uhamisho, lakini hakucheza bila mshahara. Birtles alipoingia Forest aliacha mazulia kwa kuwa mpira ulimlisha. Kumpata mtu kwa bei ndogo ni hekima ya jicho. Kumtumia kwa bei ndogo baada ya kujua thamani yake ni jambo jingine, na nabii Amosi amekwisha kulitaja jina lake. Makatekista wetu wawili wa makanisa madogo hawajapata posho tangu Pasaka. Fungu la kununua vipaza sauti vipya limetimia. Nasema hivyo tu, wahasibu wetu ni watu wema na wanajua hesabu kuliko mimi.

Sasa twende kwa Daudi.

Daudi na watu wake 600 walirudi Siklagi wakaukuta mji umechomwa moto, na wake zao na watoto wao wamechukuliwa na Waamaleki. Walilia mpaka nguvu za kulia zikawaishia. Kisha wakaondoka kuwafuatia adui. Walipofika kijito cha Besori, watu 200 walikuwa wamechoka hata hawakuweza kuvuka. Wakabaki hapo penye mizigo. Wale 400 wakaendelea, wakapigana, wakarudisha watu wote na mali yote, na nyara juu yake.

Kumbukeni kwamba watu hawa wa Daudi hawakuwa jeshi la kuchaguliwa. Rudini mlango wa 22 mwone jinsi walivyokusanyika katika pango la Adulamu: wenye dhiki, wenye madeni, wenye uchungu moyoni. Wote walikuwa watu wa orodha ya kuuzwa! Ungedhani watu wa namna hiyo wangekuwa wapole kwa wenzao waliochoka. Lakini waliporudi Besori, baadhi yao walisema wale waliobaki wasipewe nyara, kila mmoja apewe mkewe na watoto wake aende zake. Mtu aliyeokotwa pangoni jana, leo anahesabu nani alivuka mto na nani hakuvuka. Ndivyo tulivyo.

Daudi alifanya mambo mawili. La kwanza tunalipita haraka tunaposoma: kabla ya neno lolote la nyara aliwakaribia wale 200, akawauliza hali zao. La pili, alikataa. Alisema kwamba ushindi ule alioutoa ni Bwana, basi fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa penye mizigo ni moja. Akaifanya sheria katika Israeli.

Ligi ya Uingereza nayo ina sheria yake. Kwa miaka mingi mchezaji alitakiwa awe amecheza mechi 10 ili ahesabiwe kuwa na haki ya medali ya ubingwa, na tangu msimu wa 2012-13 ni mechi 5. Siilaumu, wao wana medali za kuhesabu. Lakini golikipa wa akiba aliyefanya mazoezi siku zote za mwaka, na kwa ajili yake golikipa wa kwanza akalala usingizi kwa amani, hana haki hiyo kama hakuitwa. Kwa sheria ya Daudi angekuwa nayo.

Na hapa ndipo ninapofikia lile ambalo sikulisema mimbarani.

Mnakumbuka masika ya mwaka juzi, mto ulipojaa na kivuko kikakatika siku nne. Kanisa letu dogo la ng'ambo lilifiwa na mtoto wa miaka mitatu. Niliitwa kwa simu. Nilifika ukingoni na pikipiki yangu, nikasimama na kanzu yangu ndani ya mfuko wa nailoni, nikatazama maji. Msomaji wa zamu wa kanisa lile alikuwa mjini kwenye harusi. Upande wa pili wa mto alikuwako mama mmoja ambaye jina lake limekaa miaka tisa katika orodha yetu ya wasomaji wa akiba. Miaka tisa alikuwa amesoma ibada mara chache mno. Kila mwaka tulipopanga zamu, tulisema, "Na yeye yupo," tukaendelea na majina mengine.

Aliongoza maziko yale. Alikuwa na kitabu chake cha sala, ambacho jalada lake limeshonwa kwa uzi mweusi, na watu wanasema hakukitazama sana, alikuwa akiyajua maneno. Baadaye nilimwuliza aliyajuaje. Akasema, "Padre, husoma kila Jumamosi jioni, isije ikawa Jumapili nikaitwa." Kila Jumamosi, miaka tisa!

Maji yalipopungua aliniletea karatasi yenye jina la mtoto, umri, tarehe na jina la baba, ili niandike katika kitabu cha maziko. Niliandika. Ilipofika sehemu ya jina la aliyeongoza maziko, niliandika neno moja, "Msomaji." Sikuandika jina lake. Sikuwa na nia mbaya, wala sikuwa na haraka yoyote. Niliandika hivyo kwa sababu katika mawazo yangu alikuwa mtu wa kujazia nafasi, na nafasi ilikuwa imejazwa.

Yako mengine. Sikukuu ya Mavuno ya mwaka ule tuliwapa shukrani waliotumika: cheti na kitenge kwa kila mmoja. Sharti nililitunga mimi: awe ameandikwa katika daftari la zamu mara 12 kwa mwaka. Yeye alikuwa na mara tatu. Zote tatu zilikuwa siku ambazo asingekuwapo yeye pasingekuwa na ibada, lakini daftari halina sehemu ya kuandikia hivyo. Jina lake likaachwa. Siku ya sikukuu alikuja mapema akapanga viti, akapiga makofi kila jina lilipotajwa. Nilimwona. Hata siku ile sikutambua nilichokuwa nikikiona, mpaka vijana wale wa bandani walipolitamka neno lao la benchi.

Mimi ndiye niliyekuwa nikisema penye kijito cha Besori kwamba wale 200 wasipewe. Nilimwendea, nikamwomba radhi. Alinikaribisha kiti, akaniuliza habari za homa yangu kwanza.

Wengine watauliza, je, kama saa haiji kabisa? Woods aliitwa. Origi aliitwa. Mama huyu aliitwa. Lakini wako ambao hawakuitwa kamwe. Swali hili ni zito na sitaki kulijibu kwa mpira. Someni Matendo ya Mitume mlango wa kwanza. Nafasi ya Yuda ilipokuwa wazi walitafuta mtu aliyekuwa pamoja nao tangu ubatizo wa Yohana mpaka siku Bwana alipochukuliwa juu. Wakapatikana wawili. Maana yake, kwa muda wote ule, nyuma ya wale Kumi na Wawili, walikuwapo watu waliotembea njia ile ile, wakalala njaa ile ile, bila kuhesabiwa. Kura ikamwangukia Mathiya. Na mwenzake, Yusufu aitwaye Barsaba, ambaye pia aliitwa Yusto, hakuchaguliwa. Hatusomi kwamba alipewa kazi nyingine, wala kwamba alinung'unika akaenda zake. Nimekuwa nikimwombea Mungu anipe nafasi ya kumwona mtu huyo siku ile, kabla sijaomba kumwona Petro. Nataka kumwuliza alirudije kuketi chumbani mle pamoja nao jioni ile.

Basi kwa habari za mtaa wetu. Halmashauri itakutana Jumamosi ya pili ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, katika ukumbi wa shule ya Jumapili. Yako mambo mawili ambayo nimeyaweka juu ya orodha. La kwanza ni posho ya makatekista, nalo litazungumzwa kabla ya vipaza sauti. La pili ni majina ya watakaokwenda mafunzo ya wasomaji. Mpaka sasa nimeletewa majina manne, yote ya watu wa kanisa kuu hapa, wote wanaojulikana, nami nawaheshimu. Wenye kujua watu wengine, hasa wa ng'ambo na wa kule mashambani, wanaletee majina sakristia kabla ya Ijumaa. Sharti la mara 12 nimelifuta. Wala sitauliza kuvaa kwao.

Yule mama alikataa nisitaje jina lake katika gazeti hili, nami nimemtii. Lakini kitabu cha maziko nimekifungua, nimelipiga mstari lile neno "Msomaji," na juu yake nimeandika jina lake lote kwa wino mweusi, na tarehe niliyolisahihisha. Kiko sakristia, rafu ya chini. Atakaye kulisoma na aje.

Ndimi padre wenu katika Kristo.